Mashine Haimsubiri Mtu

— Mimi kumlilia mwanamke? Labda ziwa likauke kwanza!

Nilimrushia Lynnet maneno hayo mbele ya kwaya nzima, kanisani Migori. Kwaya ikacheka. Yeye hakucheka. Alikuwa kwenye piano, mimi kwenye kinanda cha umeme, tukifanya mazoezi ya konseto: yeye mpiga piano, mimi okestra. Migori nzima, okestra ni mimi.

— Sammy, zima hiyo ngoma ya mashine.

— Nikizima nitapigaje? Si ndiyo inatuweka pamoja?

— Inakuweka wewe. Mimi inaniburuta. Hapa piano inachelewa kidogo, kama mtu anayeogopa kusema jambo. Okestra inamsubiri. Utamu wote uko hapo.

— Okestra nzima isubiri mtu mmoja? Kwani yeye ni bibi harusi?

— Omera, ndugu yangu, hujasikia bado. Hata kwetu ulituma wazee kuniposa kabla sijakujibu. Wewe husubiri. Unafika tu.

Sikuzima. Jioni simu ikalia tiii. Meseji ya Lynnet:

"Jumapili Homa Bay nitapiga na Gordon. Njoo usikilize tu. Tafadhali."

Gordon! Mwalimu wa Mbita ambaye ukimsalimia asubuhi anakujibu saa sita. Nikajibu: "Siendi popote. Nina mechi."

Jumapili nilifika Homa Bay kabla ya pasta. Nikanunua mandazi kwa mama mmoja mlangoni ili nionekane nina shughuli, nikajibanza dirishani nyuma ya kanisa, kando ya tangi la maji.

Lynnet aliketi, lakini hakuanza. Alitazama mlangoni. Akatazama tena. Watu wakaanza kukohoa. Mwishowe akainamisha kichwa, akapiga.

Ikafika ile sehemu. Piano ikachelewa. Gordon akainua mikono juu ya kinanda chake, bila ngoma, bila haraka, macho kwenye bega la Lynnet. Noti ikaja ndogo, peke yake, na Gordon akaipokea kama mtu anayepokea mtoto aliyelala.

Mashine yangu ingekuwa imeshapita hapo zamani.

Sijui nilisimama pale kwa muda gani. Watu walishatoka, viti vikaanza kukokotwa. Simu ikaita. Lynnet.

— Sammy, ulikuja?

— Wapi?

— Usinifanyie mchezo leo. Gordon ameniomba nimuoe—aki, nimechanganyikiwa—ameniomba anioe. Nimemwambia anisubiri, amekubali. Nataka kujua kitu kimoja tu. Ulikuja kunisikiliza?

Ulimi wangu ulikuwa na neno moja tu la kusema. Kiburi kikaliwahi.

— Mimi? Niko Migori bana, natazama mpira. Kwani mlipiga leo?

Kimya. Kirefu kuliko kile cha piano. Nami, kwa mara ya kwanza maishani, nikasubiri.

— Sawa, Sammy. Basi nimejua la kumjibu.

— Lynnet, ngoja...

Hapo ndoo ikagonga tangi. Nikageuka. Alikuwa Mama Achieng, shangazi yake Lynnet, yule yule aliyeniuzia mandazi. Alinitazama mashavuni, akatazama mandazi mkononi mwangu, akapaza sauti hadi simu ikasikia:

— Migori gani hii yenye tangi la kanisa letu? Na hiyo mandazi, kijana, mbona imelowa hivyo na chai sijakuuzia?