Mate ya Kuazima

Evaline alilivuta koti la kijani upande mmoja. Erasmo, mwenye meza ya mitumba, akalishika upande wa pili. Ilikuwa siku ya soko pale Same, mwaka 1998, vumbi limejaa hadi kwenye nyusi.

"Dada, koti hili limepanda meli likikutafuta wewe."

"Lingekuwa linanitafuta mimi, lingekuja na vifungo vyote."

"Nitavishona. Na hicho kisanduku cha barafu, unauza lambalamba?"

"Mate ya watu." Evaline alicheka alipoona alivyoshtuka. Alikuwa fundi wa maabara hospitalini. "Watafiti wa Dar wanatafuta protini kwenye mate, waone kama inaweza kuonyesha saratani ya kinywa mapema. Tunakusanya ya watumia tumbaku, na ya wasiotumia kwa kulinganisha. Wewe unatumia?"

"Mimi? Hata harufu yake siijui."

"Vizuri. Tumbaku ilimla baba yangu taya. Mtu wa tumbaku simtaki, wala hanioi."

Erasmo alikuwa amedanganya. Alitoka Kigoma kuja kukata mkonge, na wakata mkonge walijua kwamba ukibana tumbaku ndani ya mdomo alfajiri, njaa haikusumbui hadi adhuhuri. Shamba likauzwa, wakapunguzwa kazi. Tumbaku haikumwacha.

Walipendana. Erasmo alipiga simu ya mapokezi ya hospitali kila Ijumaa.

"Haloo, naomba mke wangu mtarajiwa."

"Erasmo! Mama wa mapokezi anakusikia."

"Mwambie shikamoo."

Kisha Evaline akamletea kichupa. Watafiti walipungukiwa na mate ya wasiotumia tumbaku. "Tema hapa, mpenzi. Dakika mbili tu."

"Niachie, nitakuletea."

Kosa lake Evaline lilianzia hapo: alimwachia. Erasmo akampa kichupa Iddi, jirani yake wa meza, ambaye hajawahi kuonja hata sigara. Iddi akatema nyuma ya rundo la suruali, wote wawili wakicheka.

Majibu yaliporudi, Evaline aliyasoma kabla ya kuyafungia kabatini. Siku chache baadaye Erasmo alipocheka, Evaline akaona doa jeupe ndani ya mdomo wake.

"Hicho nini?"

"Nimejing'ata."

"Bahati yako nimeona majibu. Mate yako safi. Sukutua kwa maji ya chumvi."

Evaline alijua majibu yale yalikuwa ya utafiti, hayakuwa ya kumpima mtu. Kwa mgonjwa mwingine yeyote angemwita daktari.

Doa likawa kidonda. Erasmo akaacha kucheka, akaanza kugeuza uso kila Evaline alipomsogelea.

"Ni nani huyo aliyekukataza nisikubusu?"

"Hakuna."

"Basi kaa naye huyo hakuna wako!"

Evaline akaondoka. Simu za Ijumaa zikakoma. Miezi saba wakaishi mji mmoja kama wasiojuana, hadi Iddi alipomfuata Evaline maabara, kofia mkononi.

"Shemeji, Erasmo yuko Dar, amelazwa. Yale mate yalikuwa yangu."

Evaline alipanda basi la asubuhi. Alimkuta wodini, shavu limevimba, shingo ina mafundo. Kesho yake wangemkata taya na ulimi. Daktari hakuahidi kitu.

"Kwa nini hukuniambia?"

Erasmo aliongea polepole, akishika shavu. "Ulisema mtu wa tumbaku humtaki."

"Watu husema mengi! Ungeniambia ukweli ningekasirika wiki mbili, halafu ningekukokota kwa daktari." Akaketi ukingoni mwa kitanda. "Na mimi doa nililiona kwa macho yangu, nikaamini kichupa."

Kengele ya kumaliza muda wa kuona wagonjwa ikalia. Wageni wakaanza kukusanya vyombo. Evaline hakunyanyuka.

"Wiki mbili tu?" Erasmo akauliza.

"Tatu. Nina hasira mimi."

Evaline aligeukia ukutani, akalia. Hayo ya "Wiki mbili tu?" ndiyo maneno ya mwisho aliyowahi kuyasikia kwa sauti ya Erasmo.