Kina cha Itigi

"Anakuja lini huyo mtu wako wa kwenye simu?" Febronia aliuliza huku akipanga mayai ya kuchemsha kwenye ungo.

"Hajasema."

"Hajasema mwaka huu, au hajasema tangu aondoke?"

Eliana alikuwa amekalia dumu tupu kwenye jukwaa la stesheni ya Itigi, chupa zake za asali zimejipanga miguuni, macho kwenye kioo cha simu. Garimoshi la kutoka Tabora lilikuwa limechelewa, na siku hizo kuchelewa hakukuwa habari tena.

"Nisomee basi na mimi nicheke," Febronia alisema.

"Siyo ya kuchekesha, dada. Ameandika tu, 'Nakupa Mungaa. Ingia.'"

"Mungaa kuna nini?"

"Ni mchezo wetu. Mmoja anataja mji, mwenzake anauingia kwa shairi. Lazima umalizie na neno lenye kina cha jina la mji. Ukishindwa unasema kwa mdomo wako, 'Nimeshindwa, nakupa mji,' kama kwenye vitendawili."

"Na wewe mtu mzima mwenye maziwa mawili unacheza vitendawili na mwanamume."

"Ndicho tulichonacho."

Febronia alimtazama kwa huruma iliyochanganyika na kero, akageukia mayai yake. Eliana akaanza kuandika, kidole kimoja, polepole:

"Nimefika jua chini, nabisha hodi Mungaa. Mwenyeji kanitazama, amebaki kushangaa."

Akatuma. Mungaa ni mji mwepesi. Una kushangaa, una njaa, una balaa, una taa. Hata mlevi anaweza kuuingia.

Mwanamume mwenyewe alikuwa Melkiori. Walichumbiana wakati Itigi bado ina kinu cha alizeti, kinu cha umma, na Melkiori fundi wake. Ukipita pale asubuhi ulisikia mashine, na wakulima wamepanga foleni na magunia. Watu siku hizi wanasema kinu kilikufa. Hakikufa, kiliuliwa mchana na watu waliokuja na magari meupe, wakasimama juu ya meza, wakatuambia soko huria limefika na kila mtu atakula kwa jasho lake. Mashine zikafunguliwa, zikapakiwa, zikaenda zilikokwenda. Mafundi wakapewa mkono wa kwaheri. Wanaume wa Itigi wakapanda garimoshi mmoja mmoja kwenda kutafuta, na wanawake wakabaki jukwaani wakiuza asali kwenye madirisha ya mabehewa. Hao waliosimama juu ya meza wengine leo wana barabara zenye majina yao.

Melkiori alikwenda kuchimba dhahabu Kahama. Mwanzoni alituma barua, halafu salamu kwa wasafiri, halafu kimya. Minara ya simu ilipofika Itigi, Eliana alinunua simu iliyotumika, kubwa kama kipande cha sabuni, akaipata namba yake. Melkiori alipiga mara moja tu, kwa haraka.

"Eliana, sikiliza. Hii simu ni ya kambi nzima. Usiniandikie mambo ya mapenzi, watu wanasoma."

"Sasa nikuandikie nini?"

"Andika ule mchezo wetu wa miji. Huo hata akiusoma padri hakuna ubaya."

Wakaucheza. Jambo lililomfurahisha Eliana ni kwamba Melkiori alikuwa amekuwa hodari. Zamani, wakiwa wamekaa nyuma ya kinu, alikuwa hawezi kuingia hata Manyoni. Sasa aliingia kila mji, na mashairi yake yalikuwa na kitu ndani, uchungu fulani uliotulia. Eliana alijiambia kwamba upweke umemfundisha. Na yeye upweke alikuwa anaufahamu. Alipika ugali wa mtu mmoja, akalala upande mmoja wa kitanda, upande wa pili akauacha kama vile kuna mtu ametoka mara moja.

Garimoshi lilipopita na asali kununuliwa, Urbano alimkuta akikunja kanga yake. Urbano alikuwa mjane, mtu wa makamo, aliyekuwa akiuza mitumba kwenye lile ghala la zamani la kinu.

"Eliana, wazee wangu wanakuja kwenu Jumapili. Baba yako amekubali wafike. Lakini sitaki wafike kabla sijasikia kwako."

"Unajua kuna mtu namsubiri, kaka Urbano."

"Najua. Itigi nzima inajua."

"Basi."

"Basi nimekuja kukwambia. Mimi vina sijui. Najua kurudi nyumbani jioni."

Hakungoja jibu. Aliondoka akiburuta ndala zake, na Eliana akabaki na maneno yale yamemkaa kifuani. Ilikuwa Alhamisi. Jumapili ilikuwa karibu.

Alifika nyumbani, akawasha jiko, akachukua simu. Kulikuwa na mji mmoja ambao hajawahi kuutoa. Kila mtu anayecheza anaujua ugumu wake. Kina chake kamili hakipatikani kirahisi, unaweza kutafuta mpaka maji yakauke sufuriani. Tena alikuwa anauonea wivu, kwa kuwa ni wake. Aliandika:

"Nakupa Itigi. Ingia kama unaweza. Ukishindwa, unipigie, uniambie kwa mdomo."

Alitaka sauti, ndiyo siri yake. Akiisikia sauti ya Melkiori angemuuliza wazi: unarudi, hurudi. Jumapili angekuwa na la kumwambia baba.

Jibu lilikuja kesho yake mchana, akiwa anachuja asali. Alifuta mikono kwenye kanga, akasoma amesimama.

"Nimepanda garimoshi, nishushe pale Itigi. Nyumba yangu ina paa, ila haina msingi. Nalala kwenye kelele, na upweke mwingi mwingi."

Eliana alikaa chini.

Alimwita Febronia kutoka ng'ambo ya uzio. Febronia alisikiliza, midomo imebana.

"Anasema anashuka Itigi," Eliana alisema.

"Anasema kwenye shairi."

"Dada, mtu hawezi kuandika nyumba haina msingi kama hana mawazo ya kurudi. Amechoka huyu."

"Kuchoka amechoka, hilo nakubali. Hata mimi limenigusa. Sasa Urbano?"

"Nitamwambia wazee wasije."

"Mwambie kwanza huyu aje. Umwone na macho, ana miguu miwili, ndiyo uwakataze wazee wa watu."

Eliana alikuwa anacheka na machozi yapo. Aliandika:

"Msingi, mwingi, hivyo ni vina vya kuchechemea. Havikufika. Umeshindwa. Nipigie."

Hapo ndipo lilipokuwa kosa la Melkiori, ingawa yeye mwenyewe wakati huo alikuwa chini ya ardhi na wala hakujua. Mtu mwingine yeyote angepuuza, angeandika "sina vocha," mambo yakaisha. Lakini kuna watu wamelelewa kwenye nyumba ambazo mji hautolewi kimyakimya. Umeshindwa, simama, sema, mwenzako aende akakae kwa raha. Wako wengi watu hao Singida, na hawajui kudanganya katika jambo dogo.

Simu iliita.

"Haloo," Eliana alisema.

"Haloo. Shikamoo wifi."

Ilikuwa sauti ya mwanamke.

"Marahaba," Eliana alijibu, kwa sababu mdomo hujibu shikamoo wenyewe. "Nani mwenzangu?"

"Mimi Damari, wifi yako, mke wa Melkiori. Mwenyewe yuko shimoni, simu haishuki shimoni, ananiachia mimi. Nimeona nisikuibie, nipige. Kwetu Mungaa mji hutolewa kwa mdomo. Nimeshindwa, wifi. Nakupa mji. Nimetafuta kina cha Itigi tangu jana mpaka uji ukaungua, nimeambulia hivyo vya kuchechemea."

Nje mbuzi wa jirani alikuwa anakwaruza uzio.

"Wifi, upo?"

"Nipo."

"Umekasirika? Najua sheria ni kina kamili."

"Wewe ndiye unayeandika?"

"Ndiyo, yote. Melkiori vina haviwezi kabisa, si unamjua kaka yako. Alinipa simu akaniambia, 'Dada yangu wa Itigi anapenda mchezo wa miji, mjibu wewe.' Nikasema afadhali, nimepata mtu. Huku kambini, wifi, ni wanaume na pombe na kelele. Ukituma mji mimi nakaa nao siku nzima. Nafua nao, nakoka nao moto."

"Ile nyumba isiyo na msingi ni ya nani?"

Damari alicheka kidogo, kwa aibu. "Ni yangu. Usimwambie."

Eliana aliegemea ukuta. Angeweza kukata. Angeweza kusema ndiyo wifi, asante wifi, yakabaki hivyo, na mwanamke yule angeendelea kukaa na miji yake kwa furaha. Alifikiria hilo. Kisha akamfikiria Melkiori amekaa anakula, wanawake wawili wanamtungia, na yeye hata kusoma hasomi.

"Damari."

"Abee."

"Mimi Melkiori siyo kaka yangu. Sina kaka. Mimi ni mchumba wake. Alinivisha pete mbele ya baba yangu, nikaambiwa nisubiri."

Upande wa pili wa simu mtoto alikuwa akilia mbali.

"Usinitanie, wifi."

"Sikutanii."

"Nina watoto naye."

"Sikujua. Naapa sikujua."

"Na mimi sikujua," Damari alisema taratibu. Kisha salio likaisha, au alikata. Eliana hakufahamu ni lipi.

Melkiori alipiga Jumamosi asubuhi. Sauti ile aliyoisubiri miaka yote ilikuja bila kuombwa.

"Eliana, nisikilize kwanza."

"Nakusikiliza."

"Nilikuwa na mpango wa kukwambia. Maisha ya huku siyo ya kuelezea kwenye simu. Mtu unaumwa, hospitali wanataka uchangie kwanza ndiyo uguswe, huna ndugu. Damari ndiye aliyeniuguza."

"Kwa hilo mshukuru. Mimi umeniita dada."

"Ningesemaje?"

"Ungesema nimeoa, Eliana, vua pete."

"Nisingeweza kukuumiza."

"Ukaona uniweke. Niwe hapa kama mzigo wa stesheni, ukikosa kote uje uchukue."

"Ni shida, Eliana. Kinu kilipouzwa wewe ulitaka nifanye nini? Wametuvuruga wale."

"Wametuvuruga kweli, na mimi sitawasahau. Lakini usijifiche nyuma yao. Kinu kiliuzwa na wakubwa. Mimi umeniuza mwenyewe."

Melkiori alikohoa. Vumbi la shimoni lilikuwa limemkaa kifuani, lilisikika.

"Sasa unanichukia."

"Sijui bado. Mke wako yuko wapi?"

"Amefunga nguo zake. Hasemi na mimi."

"Na mimi nimemaliza kusema na wewe. Usirudi Itigi kwa ajili yangu."

Alikata, akaivua pete. Ilitoka kwa sabuni, kwa tabu, na kidole kikabaki na alama nyeupe.

Jioni alikwenda ghalani. Urbano alikuwa anakunja mashati, akayaacha.

"Umesikia," Eliana alisema.

"Nimesikia. Mji mdogo huu."

"Waambie wazee wako wasije kesho."

Urbano aliinamisha kichwa. "Hata sasa? Huyo mtu ana mke."

"Siyo kwa ajili yake. Huyo amekwisha. Lakini nikija kwako leo nitakuwa nimekimbia nyumba tupu tu. Wewe utarudi kila jioni, utanikuta nimekaa, sipo. Hustahili hivyo, kaka Urbano."

"Na baadaye?"

"Sitaki kukusubirisha. Kusubirishwa nakujua."

Urbano alichukua shati lingine, akalikunja vizuri mara mbili, akalikunjua. "Sawa," alisema. "Afadhali umesema."

Usiku ule na siku zilizofuata zilikuwa ndefu. Simu ilikaa mezani kimya kama jiwe. Eliana aligundua jambo ambalo hakulitegemea. Hakumkumbuka sana Melkiori. Alichokosa ni zile beti. Aliyeondoka nyumbani kwake alikuwa mtu ambaye hajawahi kumwona.

Katikati ya wiki garimoshi la kutoka Tabora lilifika na jua. Wanawake walikimbilia madirisha. Eliana alikuwa ananyoosha chupa kwa mzee mmoja aliposikia jina lake.

"Eliana ni nani hapa? Muuza asali, Eliana."

Dirishani alikuwepo mwanamke mwembamba, mtoto mmoja mgongoni, mwingine amesimama kwenye kiti. Macho yalikuwa yamevimba.

"Ni mimi."

Walitazamana. Febronia, aliyekuwa na ungo wake pembeni, alisogea mbali bila kuambiwa.

"Nakwenda kwetu Mungaa kwa mama," Damari alisema. "Sijui kama nimemwacha. Nakwenda kufikiria mahali pasipo na kelele."

"Umefanya vizuri."

"Njiani nilisema nikikuona nitakutukana. Tangu Tabora nilikuwa napanga matusi."

"Tukana tu."

"Yameisha." Alimweka mtoto vizuri mgongoni. "Simu nimeichukua mimi. Yeye atatafuta nyingine."

Filimbi ililia. Eliana aliingiza chupa ya asali dirishani, Damari akaipokea kwa mikono miwili.

"Nimekuandika humu 'Wifi Itigi'," Damari alisema. "Sasa nikuite nani?"

"Niite Eliana."

Mabehewa yalivutana, yakasogea. Hawakupungiana mikono. Garimoshi lilipotea kuelekea Manyoni, jukwaa likabaki na maganda ya mayai na wanawake wanaohesabu chupa zilizobaki.

Eliana alirudi nyumbani, akafungua mlango, akakaa kwenye kigoda bila kuwasha jiko. Jua lilikuwa linaingia kwa chini, linafika hadi kitandani, upande ule mtupu. Alikaa hivyo mpaka simu ikatetemeka mezani.

"Tumefika Manyoni tunangoja la Singida. Watoto wamelala. Wewe umekula?"

Aliisoma mara ya pili. Haikuwa na kina wala mizani. Alijaribu kukumbuka ni lini mtu alimuuliza swali hilo, akashindwa.

Akainuka, akavunja kuni, akawasha moto. Ulipokolea ndipo alipochukua simu na kujibu.

"Bado. Ndiyo nainjika maji."