Lifti ya Makumbusho na Ngoma ya Bibi Tabu

Ilikuwa miaka ile ya mgawo wa umeme. Kule Mkonze, Bibi Tabu alikuwa uani akipepeta uwele. Mwanawe Joshua akarudi kutoka kazini, uso umemshuka.

"Mbona umenuna kama mbuzi aliyenyimwa chumvi?"

"Mama, kamati imefuta lifti ya makumbusho tunayojenga. Wanasema itakula umeme mno. Kila mtu atapanda ngazi."

Bibi Tabu aliweka ungo chini. Alikuwa ametoa ngoma yake ya muheme, ile wanayopiga wanawake wa Kigogo, iwekwe katika makumbusho hayo, ghorofa ya tatu. Na magoti yake yalikuwa mabovu. Hata kizingiti cha kanisa kilimshinda.

"Kwa hiyo ngoma yangu ipande, mimi nibaki chini na mlinzi?"

Joshua ndiye aliyekuwa fundi mkuu wa jengo. Yeye ndiye aliyetaka lifti ivutwe na mota kubwa, kama winchi ya kupandishia zege.

Asubuhi alimwita Ruthu, fundi wa lifti, mzaliwa wa Mvumi. Mwenyekiti wa kamati, Mzee Mustapha wa mtaa wa Majengo, alikuja pia. Bibi Tabu naye akajikokota hadi kwenye jengo, ingawa hakuitwa.

"Shikamoo, Mzee," alisema Ruthu. "Hebu vuta hii."

Alikuwa amepitisha kamba kwenye kapi, kile kigurudumu cha juu. Ncha moja ilibeba ndoo ya mchanga. Mzee akavuta ncha ya pili. Kofia ikamdondoka.

"Binti, unataka kuniua!"

Ruthu akafunga ndoo ya mawe kwenye ncha aliyoishika Mzee. "Vuta tena."

Ndoo ya mchanga ikapanda kwa mkono mmoja!

"Kitendawili!" alisema Ruthu.

"Tega!" alijibu Mzee.

"Ndugu wawili, kamba moja. Huyu akipanda, yule anashuka."

"Ndoo hizi!"

"Bado. Nipe mji."

"Haya, chukua Kongwa."

"Kongwa nimefika. Ni lifti na chuma chake. Huku chumba cha watu, kule chuma chenye uzito wa chumba na nusu ya watu wake. Vinasaidiana. Mota ndogo inatosha."

"Mimi nilidhani ukiongeza uzito, unaongeza umeme," alisema Joshua.

"Wengi hudhani hivyo. Tena, taa ya ndani ijizime lifti ikiwa tupu. Na ngazi ziwe mbele, pana, zipate mwanga wa jua. Wenye miguu mizima watazipanda."

"Kama Mzee Mustapha," alisema Bibi Tabu.

"Na kitambi hiki, mama?"

"Hicho ndicho kinachozitaka!"

Wakacheka. Wiki hiyo kamati ikairudisha lifti.

Siku ya ufunguzi, Bibi Tabu alipanda lifti na Joshua. Mota ilinguruma kidogo tu. Mlango ukafunguka ghorofa ya tatu. Ngoma yake ilikuwa ukutani, imening'inizwa kwenye msumari.

"Nani kaitundika kama koti? Ngoma hii hukaa kati ya magoti!"

Joshua akaishusha. Bibi Tabu akaketi kwenye benchi, akaibana, akaipiga.

Chini, wanawake waliokuja kwenye ufunguzi wakapiga vigelegele. Kisha wakaanza kupanda ngazi mbio.