Sura Tatu za Mutembei

Siku ya soko pale Nkubu, katika mwaka wa nne wa Hali ya Hatari, watu walinunua viazi kwa jicho moja na kwa jicho la pili wakaangaliana. Nani amesimama na nani? Nani amenunua unga mwingi kuliko watu wa nyumba yake? Makandi, fundi wa cherehani kwenye baraza ya duka la Mzee Barre, hakuwa na nafasi ya kumchunguza mtu. Alikuwa na shuka thelathini za hospitali ya masista, na zote zilitakiwa kabla ya kafyu.

Ndipo kijana mmoja mwenye gitaa mgongoni akasukumwa na umati, akaegemea meza ya cherehani, akasahau kuondoka. Alikuwa akimtazama fundi: kitambaa chekundu kichwani, gauni la maua madogo, pini tatu zimebanwa mdomoni. Makandi alikanyaga pedali bila kuinua macho. Kijana alipotaka kwenda zake, shuka ikamfuata.

"We! Umenishona!"

Kweli. Mkono wa shati lake ulikuwa umeungana na shuka ya hospitali kwa mshono mzuri, ulionyooka.

Makandi alitema pini. "Nani alikuambia uweke mkono kwenye meza ya watu? Simama hivyo hivyo. Ukivuta utanipasulia shuka ya masista."

"Sivuti, dada. Hata ukiniacha hivi mpaka Jumatatu."

"Unaitwa nani?"

"Mutembei."

Wanawake waliokuwa wakingoja nguo zao wakaangua kicheko. "Mutembei! Na siku hizi kutembea ni kwa pasi ya serikali!"

"Pasi ninayo, mama zangu. Nguvu ya kuondoka hapa ndiyo sina."

Makandi aligeukia ukutani ili wasimwone akicheka. Alifumua mshono, lakini shati lilikuwa limechakaa sana na mkono ukatoka na tundu la kupitisha ngumi. Ikabidi amshonee jingine. Alimpima palepale, utepe shingoni, penseli sikioni.

"Bega lako la kushoto limeshuka."

"Ni mkanda wa gitaa."

"Nusu inchi nzima. Umebeba gitaa au umebeba ng'ombe?"

Shati alilomshonea lilikuwa la njano, kola nyeusi, na ndani ya bega la kushoto aliweka pamba kidogo ili mwenye shati asimame sawa mbele ya watu. Mutembei aliimba nalo Nkubu, akaimba nalo Kangeta na Siakago, kila alikopewa pasi ya kufika. Wimbo uliopendwa kuliko zote aliutunga mwenyewe, ingawa hakuna mwalimu aliyewahi kumfundisha beti:

*Fundi shona taratibu,*
*Uzi wako una tabu,*
*Moyo wangu u karibu,*
*Usiuchome sindano.*

Wimbo ukaingia kwenye santuri. Watu walisahau jina la mwimbaji wakamwita Shati ya Njano, na Makandi akawa anatembea sokoni kama mtu aliyeshona jua.

Miezi sita baadaye ikaja barua kutoka Nairobi, kwa wenye jarida la *Pambo*. Mutembei alipanda baraza akiipunga.

"Wanataka picha tatu, mpenzi. Ukurasa wa mitindo, wanamuziki wanavyovaa. Nitavaa shati yako, halafu kanzu ya Mzee Barre, halafu nivae kama mkubwa wa ofisi. Picha zitapigwa Embu, kwa Nthiga mpiga picha."

"Kwa nini uwe watu watatu?" Makandi aliuliza. "Mama wa Kangeta akiona ile njano anajua ni wewe kabla hujafungua mdomo."

"Mimi si kiberiti, nibandikwe picha moja mpaka nichakae."

"Hata kiberiti watu wananunua kwa ile picha wanayojua. Ukiibadilisha, wanauliza kama bado kinawaka."

Mutembei aliwaka kweli. "Ninaimba huzuni, ninaimba harusi, ninaimba utani. Sauti ibadilike, sura ikae palepale? Serikali imenipa pasi yenye picha moja, ikaniambia huyu ndiye wewe, usiwe mwingine. Na wewe pia, Makandi?"

Makandi aliuma uzi kwa meno. "Mimi naogopa tu. Siku hizi mtu wa sura nyingi anaulizwa maswali."

"Unaogopa homugadi au unaogopa wasichana wa Embu?"

"Wote."

Walicheka, lakini neno lile halikuondoka na kicheko. Lilibaki chini ya cherehani pamoja na vipande vya vitambaa.

Mutembei alipata pasi ya wiki mbili. Siku ya tatu simu ya duka ikalia, ile ya kuzungushwa kwa mkono, ambayo opereta wa Meru aliisikiliza kuliko redio. Mzee Barre alimpa Makandi mkono wa simu na kujifanya anapanga sabuni.

"Fundi wangu," sauti ya Mutembei ilikuja ikikwaruza. "Ungeniona leo! Nimependeza mpaka nimejiogopa."

"Umevaa nini?"

"Koti. Subiri uione kwenye picha."

"Koti ya nani?"

Kabla hajajibu, nyuma yake mwanamke alicheka, kicheko kirefu cha mtu aliyejiachia. "Simama wima, mpendwa!" mwanamke huyo alisema. "Acha nikushike vizuri hapa nyuma!"

"Mutembei, huyo ni nani?"

"Malizeni," alisema opereta, na laini ikafa.

Makandi alirudisha simu polepole. Mzee Barre alipanga sabuni ileile mara ya pili. "Mama," alisema, "simu ni kitu cha nusu. Usikisikilize kizima."

"Nimesikia ya kutosha, mzee."

Jarida lilifika kwa lori lililoleta bidhaa za Barre, na Mutembei alikuwa hajarudi. Alikuwa ameongezewa pasi, eti anaimba Siakago. Makandi alilifungua juu ya cherehani. Picha ya kwanza: shati lake, njano iliyogeuka kijivu kwa wino. Ya pili: kanzu ya Barre na kofia iliyotariziwa. ("Ameinyoosha vizuri," Barre alisema, ameridhika.) Ya tatu ndiyo ile ya simu. Mutembei alikuwa katika koti jeusi la mistari, vifungo sita, leso nyeupe mfukoni, kidevu juu.

Hakuutazama uso. Alitazama koti, kwa jicho la fundi. Matundu ya vifungo yalizungushiwa uzi kwa mkono. Kifungo cha chini, kulia, kilikuwa kikubwa kuliko wenzake, mtu alikitoa kwenye nguo nyingine. Lakini kilichomuuma ni jinsi koti lilivyokaa: lilimbana kiunoni na kumlalia kifuani kama limemwagwa juu yake. Koti la kuazima halikai hivyo. Kuna mtu alizungusha utepe kwenye kifua hiki, akahesabu nusu inchi ile ya bega. Kuna fundi mwingine Embu, na fundi huyo anacheka vizuri.

Simu ilipolia tena, Makandi alimwambia Barre, "Mwambie nimekufa."

"Amesema amekufa," Barre aliiambia simu. Kisha akaongeza, "Ana hasira sana kwa maiti."

Wiki ile ile Mutembei alikamatwa kwenye kizuizi cha daraja la Thuci, akirudi. Homugadi, askari wa kijiji wa serikali, aliyeshika pasi yake alikuwa pia na *Pambo* mfukoni. Na kulikuwa na ripoti mezani, ikisema kwamba mtu mwenye koti jeusi la mistari alionekana Embu akiwapelekea wapiganaji chakula msituni. Walimleta Nkubu, kwa Sajini Marete, mkuu wa homugadi, mtu mwenye kifua cha pipa na ahadi ya lori la kwenda kambi ya wafungwa kila Ijumaa. Ilikuwa Alhamisi.

Marete alimwita Makandi posti, kwenye kituo cha homugadi, kwa kuwa shati alilishona yeye na kila mtu alijua hivyo. Makandi akavuka ubao wa handaki lililojaa miti iliyochongwa, moyo ukiwa na neno moja tayari: *Simjui.* Lingekuwa neno fupi. Lingemtosha mwanamume mwenye mafundi wawili.

Mutembei alikaa chini, shati la njano limejaa vumbi, macho mekundu ya kukosa usingizi. Alipomwona alijaribu kutabasamu. "Nimeambiwa umekufa," alisema.

"Kimya!" Marete aligonga jarida. "Fundi, tazama. Pasi inasema mtu mmoja. Hii kitabu inasema watu watatu. Mtu wa nguo tatu ana kazi tatu. Unamjua huyu au humjui? Ukisema unamjua, niambie koti ilitoka wapi. Usiposema, kesho anapanda lori."

Makandi alifungua mdomo. Neno lilikuwa pale pale, kwenye ulimi. Aliinua macho ili asimtazame Mutembei, na macho yakaangukia ukutani, juu ya kichwa cha Marete. Kulikuwa na picha kubwa katika fremu ya kioo: Marete mwenyewe, kidevu juu, leso nyeupe mfukoni. Koti jeusi la mistari. Vifungo sita. Cha chini, kulia, kikubwa kuliko wenzake.

Koti lililojazwa na kifua kile cha pipa lingewezaje kumkaa Mutembei mwembamba? Ingewezekana kwa njia moja tu, na ghafla Makandi akasikia tena kicheko kile cha simu: *acha nikushike vizuri hapa nyuma.*

"Sajini," alisema, "naomba niulize kama fundi. Ile koti yako ya ukutani ni nzuri sana. Nani alikushonea?"

Marete alijitutumua. Homugadi wawili walikuwa mlangoni wakisikiliza. "Nairobi. Fundi Mhindi, mkubwa. Hashonei kila mtu."

"Basi hiyo ni koti yako."

"Ni yangu kabisa."

Makandi alichukua jarida, akaliinua kando ya fremu. "Tazama kifungo cha chini. Hata mafundi wawili wakikosea, hawakosei sawasawa hivi. Ni koti moja, Sajini. Na kama ni yako kabisa, basi iliyoonekana ikienda msituni ni yako."

Uso wa Marete ulipita kutoka hasira kwenda hofu, na hofu ile yeye mwenyewe aliijua vizuri, maana alikuwa akiwatia wengine kila siku.

"Ni ya Nthiga," alisema mwishowe, chini chini. "Ya studio. Iko kwenye msumari nyuma ya pazia. Kila mtu anaivaa."

Homugadi mmoja mlangoni alikohoa. "Hata mimi, afande. Nilipiga nayo picha ya kumpelekea mama."

"Mimi walinibana mgongoni kwa vibanio vya nguo," Mutembei alisema kutoka chini. "Kumi na moja. Cicily, mke wa Nthiga, aliniambia nisigeuke, nitaonekana kama kamba ya kuanikia."

Makandi alifunika uso kwa mikono miwili. Marete alisukuma pasi mezani kama kitu kilichomchoma. "Nendeni. Na hii habari ya ukuta isitoke hapa." Walipofika kwenye ubao wa handaki walisikia msumari uking'olewa; picha ilikuwa inateremshwa.

Walirudi barazani. Mzee Barre alileta chai, akaingia ndani kupanga sabuni.

"Ungesema hunijui?" Mutembei aliuliza.

"Lilikuwa mdomoni." Hakumdanganya. "Niliona jinsi ilivyokukaa, nikajua kuna mwanamke amekupima. Sikufikiria mgongo. Mimi, fundi, sikufikiria mgongo!"

"Na mimi ilinipasa kukuambia ni koti ya kuazima. Niliona aibu. Nilitaka uone mkubwa wa ofisi." Aligusa kola yake nyeusi. "Labda ulisema kweli. Nibaki na njano."

"Hapana." Makandi alivuta utepe kutoka shingoni. "Sura moja walikupa wao kwenye pasi, na ilikaribia kukupeleka kambini. Badilisha utakavyo: koti, kanzu, hata suruali ya mistari. Lakini kila nguo nitaipima mimi. Mbele na nyuma."

"Kila nguo?"

"Kila moja."

"Mpaka nizeeke?"

Makandi alielewa alichoulizwa, na wanawake waliongoja nguo zao walielewa kabla yake, maana wote walikuwa wameshasogea karibu.

"Simama wima," alisema, akizungusha utepe. "Bega limeshuka tena. Hii ya harusi nitaongeza pamba."