Aliyeuza Kilio cha Mama Mdogo

Ndugu zangu mlioko Fittja, Farsta na Jordbro, hapa pembezoni mwa Stockholm, na ninyi wenye watoto huko London, tulieni kidogo niwape kisa hiki. Mimi Wamuyu ni Mkenya, lakini nimekula sombe, yale majani ya muhogo, kwa rafiki yangu Adrienne miaka mingi mpaka Wakongomani wameacha kuniita mgeni.

Nyumba ya Adrienne pale Fittja ilikuwa nyumba ya raha. Ukipanda ngazi Jumamosi, harufu ya sombe inakupokea kabla ya mwenyeji. Mumewe Urbain atakutania kwamba sisi Wakenya tunapika mboga kana kwamba zimetukosea. Binti yao Arielle atakuwa mezani na vitabu vyake, mama akimsemesha kwa Kiswahili, yeye akijibu kwa Kiswidi, na wanaelewana vizuri. Waliishi hivyo hadi mwaka 2010, moyo wa Urbain uliposimama ghafla.

Tukakusanyika matangani. Sasa nisikilizeni vizuri. Adrienne na wenzake waliotoka Uvira, kule Kongo, wana desturi yao. Mfiwa hukaa mbele ya picha ya marehemu akazungumza naye kwa kuimba. Anamtania, anamlaumu, anamwambia yaliyomkaa rohoni, na wenzake wanaitikia. Watoto hawakai hapo. Na yakishasemwa yameisha, hakuna wa kuyauliza kesho, hata yawe mazito namna gani.

Alasiri ile Adrienne aliimba hivi:

"Urbain, tulipokimbia vita nilikuwa na batoto babili, na mikono ilichoka. Nilibeba mudogo. Maombi alikuwa na homa, nikamulaza kando ya barabara, nikasema nitarudi. Nilirudi, sikumukuta. Nilifika kambini na mutoto moya, na haukuniuliza wa pili iko wapi. Haukuniuliza mupaka leo. Sasa nani atanyamaza na miye?"

Tukaitikia, tukalia naye, kisha tukamimina chai. Huyo mdogo aliyebebwa ni Arielle. Hakujua kwamba aliwahi kuwa na kaka, na siku ile alikuwa kwa jirani na watoto wenzake.

Nyuma yetu alikaa Heshima, mtoto wa Laurentine, dada mkubwa wa Adrienne. Kijana huyu alikulia London tangu uchanga. Alikuwa akiimba grime, ule muziki wa vijana wa kule ambao maneno hukimbia kama yamefukuzwa na polisi. Si mtoto mbaya, msije mkamfikiria hivyo. Asubuhi ya siku ile alikuwa ameniambia jikoni, "Anti Wamuyu, kule kila mtu anaimba visu na polisi. Mimi nataka kuimba nilikotoka. Mtu asiye na asili hafiki mbali." Maneno yakanipendeza, nikamwongezea chapati.

Kumbe simu ilikuwa mfukoni mwa koti lake, inarekodi.

Miezi michache baadaye wimbo ukatoka. Heshima alikuwa anasimulia vita asivyoviona, na kila alipovuta pumzi, sauti ya Adrienne iliingia: "Nilibeba mudogo." Redio ya vijana ya London ikaupiga. Watangazaji wakamsifu kijana aliyekumbuka asili yake. Vijana wetu nao wakaupiga kwenye simu zao pale stesheni ya Fittja, na wengi hawakujua hata ni nani anayelia.

Arielle aliijua sauti ya mama yake. Alikuja mbio nyumbani, mimi nikiwa nimekaa na Adrienne tunachambua maharage. Akaweka simu mezani.

"Mamma, är det sant?" Alitaka kujua kama ni kweli.

Adrienne aliendelea kuchambua maharage.

Ndipo Arielle akasema kwa Kiswahili, yeye ambaye hakupenda kukisema, "Ulimuacha yeye juu yangu?" Yaani, kwa sababu yake.

"Mikono yangu ilikuwa miwili tu, mwanangu."

Mtoto akaingia chumbani akafunga mlango. Kuanzia hapo hakula tena na mama yake. Akawa analala kwa rafiki kule Jordbro, wiki kwa wiki, na akirudi anachukua nguo tu. Adrienne naye akaacha kuimba kwaya kanisani. Jumamosi ukipanda ngazi zile, hakuna harufu yoyote.

Mwaka uliofuata Heshima alialikwa kuimba mjini Stockholm. Akaja Fittja na zawadi, akitabasamu. Nilimfungulia mlango mimi. Alipoona kiti cha Arielle kitupu na akina mama wenzetu waliokuwepo wakimpita bila salamu, tabasamu likamkauka.

"Mama mdogo," alisema, "nilitaka dunia isikie nilikotoka."

"Ile barabara ulipita weye?" Adrienne alimuuliza. "Mama yako alikubeba kwenye ndege. Nani alikutuma uchukue barabara yangu?"

"Nitaufuta. Leo hii nitawaambia waufute."

Akapiga simu papo hapo. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Wimbo ulikuwa umenakiliwa kila mahali, na waliousikia wameshausikia. Heshima akapiga magoti, akalia kwa kwikwi. Alikiri kwamba siku aliyorekodi alijua anafanya kosa, ila alijiambia kwamba jambo zuri namna ile haliwezi kupotea bure.

"Nimekusamehe," Adrienne alisema. "Inuka, kula."

Alikula kweli? Hakuweza. Aliachana na muziki mwezi ule ule, na Laurentine aliniambia kwamba mwanawe hakai tena chumba kimoja na redio.

Kisha Laurentine akaugua. Alihamia Fittja auguzwe na mdogo wake, na mwaka 2012, theluji ikiwa nje, akafariki mikononi mwake. Tukakusanyika tena. Arielle alikuja, akakaa karibu na mama yake, na kwa hilo peke yake tulimshukuru Mungu. Adrienne akasogea mbele ya picha ya dada yake. Tukamngoja aanze ili tuitikie.

Alifungua mdomo, akageuka akamtazama Heshima, akaufunga.

Kijana alielewa. Aliinuka, akatoa simu akaiacha mezani, akatoka nje bila koti ili mama mdogo wake awe huru. Kupitia dirisha nilimwona amesimama kwenye theluji, kichwa ameinamisha, anasikiliza.

Adrienne akajaribu tena. Machozi yalimtoka, sauti haikutoka. Akatutazama sisi sote mmoja mmoja, marafiki zake wa miaka mingi, akatikisa kichwa. Tulimzika Laurentine hivyo hivyo, bila mtu wa kuzungumza naye.

FUNZO

Vijana wetu, kutafuta jina si dhambi, na kuimba mlikotoka ni jambo jema. Lakini uchungu wa mwenzako hauwi asili yako kwa sababu tu ni wa ukoo wako. Omba kwanza, na ukikataliwa, imba ya kwako hata kama ni madogo. Nanyi wazazi, waambieni watoto mambo yao wenyewe kabla hawajayasikia stesheni.

Na wewe unayechezea siri ya mtu ukijiambia utaomba msamaha baadaye, nenda kamuulize Heshima. Msamaha alipewa. Kilio cha kumlilia mama yake hakukisikia.