Chupa ya Upande wa Mashariki

Kila Jumatano, shule ikitoka, Ibtisam alipita kwenye bwawa la bustani ya mtaa wao, Tottenham, akiwa na chupa mbili za kioo cha kahawia. Moja aliijaza ukingo wa magharibi, karibu na geti. Ya pili aliijaza mashariki, ng'ambo ya bwawa, kwenye boti za watoto. Alhamisi asubuhi alizikabidhi shuleni kwa Bi Damyanti, mpimaji wa maji, mwanamke mzaliwa wa Kisumu. Klabu nzima ya sayansi ilikuwa imemchagua Ibtisam kwa kazi hiyo, naye, tuseme kweli, aliiringia.

"Joto likizidi, mwani wa kijani huzaana na kutoa sumu," Bi Damyanti alikuwa amemweleza. "Upepo unausukuma upande mmoja. Hapa maji ni safi, pale yanaharibu ini la mtu, na hata ukiyachemsha sumu haitoki. Kwa hivyo, ujaze pale pale lebo inaposema."

Jumatano moja ya Julai, mwaka 2003, maji ya mashariki yalikuwa na utando wa kijani kama rangi ya mlango iliyomwagika. Ibtisam alijaza chupa zake, akaandika lebo, akaziweka kwenye friji nyumbani kama alivyofundishwa.

Asubuhi alikuta chupa moja tu. Ya pili ilikuwa kwenye kichanja cha vyombo, imefunikwa kifudifudi, inang'aa.

"Bibi! Maji yangu yako wapi?" Siku nyingine angeuliza kwa Kiingereza, lakini kwa jambo hili alitaka jibu la haraka.

"Yale ya kijani? Nimeyamwaga, mjukuu wangu," alijibu Bibi Jokha, ambaye kwake usafi ni nusu ya imani kwelikweli. "Friji ina mchuzi wa watu, wewe unatia maji ya bwawa! Na chupa nimekusugulia kwa maji ya moto."

Ibtisam alitazama saa. Kwenda mpaka mashariki kungemchelewesha shule. Geti la bustani lilikuwa njiani. Alichota maji ukingoni hapo karibu na geti, akabandika lebo mpya na kuandika "Mashariki". Maji ni maji, alijiambia.

"Asante, bingwa wangu," Bi Damyanti alimwambia alipozipokea, na Ibtisam hakuweza kumtazama usoni.

Ijumaa alasiri Mahir, mdogo wake wa miaka saba, alirudi kutoka chuo cha Kurani akirukaruka.

"Maalimu Muhiddin amesema bwawa limepimwa, ni salama! Kesho chuo kizima tunapanda boti, na tutaingia majini!"

Ibtisam alirudisha tonge la wali sahanini. Aliona ule utando wa kijani, akamwona Mahir ndani yake, kinywa wazi, anacheka. Akisema, kazi wangemnyang'anya na klabu wangemcheka mpaka mwaka uishe. Asiposema, je? Njia ya mwongo ni fupi, na hii ilikuwa imeishia kwa ndugu yake mwenyewe. Aliogopa sana. Hata hivyo aliinua simu.

"Anti Damyanti, shikamoo. Ile chupa ya mashariki... sikuijaza mashariki. Nimesema uongo."

"Uko na mtu mzima hapo?" Bi Damyanti aliuliza.

"Nipo na Bibi."

"Basi mje bwawani sasa hivi. Nakuja na chupa."

Jua lilikuwa bado juu walipokutana. Bi Damyanti alivaa glavu ndefu, akajaza maji yale ya kijani, akampigia simu mlinzi wa bustani ili boti zifungwe. Hakugomba, na hilo lilimuuma Ibtisam zaidi.

Jumamosi asubuhi majibu yalitoka maabara: sumu ilikuwa nyingi. Bango jekundu likasimamishwa ukingoni, na Maalimu Muhiddin akawapeleka watoto kucheza mpira nyasini. Mahir alinuna mpaka bao la kwanza lilipofungwa, kisha akasahau.

"Na mimi nimekosa," Bibi Jokha alimwambia Bi Damyanti. "Nilimwaga nisichokijua, wala sikuuliza."

"Utajua sasa, Mama. Nitaleta kisanduku cha barafu cha kuwekea chupa hizi, friji yako ibaki na mchuzi." Kisha Bi Damyanti alimgeukia Ibtisam. "Mashine yangu inapima maji peke yake. Haiwezi kujua yametoka wapi. Hilo nalijua kwa neno lako tu, na juzi neno lako lilikuwa la uongo. Jana umelirekebisha kabla mtoto hajaumia, na najua haikuwa rahisi."

"Kwa hiyo kazi utampa mwingine?" Ibtisam aliuliza, machozi yakimlenga.

"Jumatano nakungoja wewe. Na siku ukikosa maji, niletee chupa tupu, uniambie ni tupu. Hiyo nitaipokea kwa mikono miwili."