Mwandiko Usio na Mtu

Karatasi ilikuwa nyeupe pe, haina hata nukta, lakini kompyuta iliisoma: "Umekula?" Pembeni ikaonyesha uhakika wake: asilimia tisini na tisa.

Mjane aliitazama kama mtu anavyotazama ukuta. Kazi yake ilikuwa kuifundisha mashine hiyo kusoma mwandiko wa mkono, ule wa haraka ambao herufi zimeshikana. Mashine yenyewe haijui kusoma. Inakisia kwa hesabu, neno gani hufuata neno gani. Ili ikisie vizuri, kila mfanyakazi aliambiwa alete maandishi ya nyumbani. Wenzake walileta kurasa mbili tatu. Yeye, jamani, alileta boksi zima la vikaratasi alivyokuwa akiachiwa mezani na marehemu mumewe, mlinzi wa zamu ya usiku, na karibu kila kimoja kilimuuliza kama amekula.

"Umeilisha shemeji mpaka imevimbiwa, dada," fundi wa kompyuta alitania. "Sasa inamwona kila mahali."

Utani huo haukudumu. Mchana uleule skana ilianza kuvuta karatasi bila kuguswa, krr, krr, na chumba kikanuka udongo mbichi, na kila karatasi iliyopita, iwe ya daktari, iwe ya mwanafunzi, ikasomwa neno lilelile, umekula, umekula, hadi fundi, ambaye siku zote aliwacheka wanaoamini mambo ya mizimu, akajikuta mgongo umegusa ukuta, jasho linamtiririka, ananong'ona, "Tumfute, dada. Tufute mwandiko wake wote."

Mjane hakuogopa. Tangu mazishi hakuwa ameogopa, wala kulia, wala kusikia njaa. Alitaka kitu kimoja tu, kwamba awe ni mumewe. Akaandika kwenye karatasi, "Ni wewe, mume wangu?" akaitia kwenye skana.

Kioo cha kompyuta kikaonyesha: "Mimi siye. Yeye alishakwenda. Nilikuta mwandiko wake hauna mtu, nikaingia."

"Mungu wangu!" Fundi akapeleka kidole kwenye kitufe cha kufuta. "Umeona? Si yeye!"

"Nimeona." Akamshika mkono taratibu. "Acha kwanza."

"Dada, hilo ni jini!"

"Sawa. Lakini nyumbani hakuna mtu anayeniuliza."

Akaandika neno moja, "Bado," akaingiza karatasi. Skana iliivuta polepole, harufu ya udongo ikazidi, na jibu likaja, asilimia mia.

"Hata mimi."